Niliacha Ua la Kioo Liishi, Likaunguza Tumbawe la Daktari

Shangazi Hajira, shikamoo. Nakuandikia kwenye safu yako ya gazeti nikiwa mezani kwangu mapokezi, wagonjwa wameisha, nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza.

Naitwa Anjela, nina miaka ishirini na sita, kwetu ni Mzenga huko Kisarawe, kwa wakulima wa mihogo na korosho, na huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwenye kliniki ya meno ya Daktari Wilfred hapa Kibaha. Ukiingia kwetu, kabla hujaniona mimi unaona tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kama kitanda, na ndani yake kuna matumbawe hai. Shangazi, mimi nilidhani tumbawe ni jiwe. Daktari ndiye aliyeniambia kuwa ni mnyama, tena ni wanyama wengi wadogo walioshikana, kila mmoja na mdomo wake, na jioni ile ya kwanza aliponiwashia taa ya buluu nikaona yanang'aa kijani na zambarau huku yanatoa vidole vyao taratibu kutafuta chakula, nilisimama na ufagio mkononi hadi nikasahau kuwa nilikuwa nafagia. Mpaka leo sijazoea. Kubwa kuliko yote ni tumbawe la ubongo, limejikunja mikunjo kama ubongo wa kweli, Daktari amelilea miaka minane tangu likiwa saizi ya kifungo cha koti, sasa lina ukubwa wa sahani.

Miezi miwili iliyopita Daktari alikwenda masomoni nje ya nchi akaniachia tangi na daftari la maelekezo. Aliandika kwa wino mwekundu kuwa tumbawe lolote jipya lisiingie tangini siku lilipofika, likae kwenye ndoo peke yake, nilikague kwa tochi na kile kioo kidogo cha kuangalia meno, juu, pembeni na chini ya kitako, kile kijiwe ambacho tumbawe limebandikwa, na nikiona kitu kama ua dogo la kahawia linaloonyesha upande wa pili kama kioo, lenye shina, hilo ni anemoni mharibifu, mnyama wa baharini anayeunguza wenzake, nimpigie Abdulaziz kabla sijafanya lolote. Abdulaziz ni kijana wa Dar mwenye kibali cha kuzalisha matumbawe, ndiye anayetuuzia.

Mzigo wa kwanza ulipofika nilikagua kama nilivyoagizwa, na chini ya kitako kimoja nikaliona, Shangazi, dogo kuliko punje ya mchele, limekunjua mikono yake membamba kama nyuzi za kioo, na nilipolikaribia kwa ncha ya kibano likajivuta ndani, likatulia, halafu kidogo kidogo likafunguka tena mbele ya uso wangu. Halina macho, halina kichwa, na bado lilijua kuwa nipo. Mwili ulinisisimka. Nikajiambia Mungu ameumba na hiki, mimi nani nikiue, na wala sikumpigia Abdulaziz, nikaweka tumbawe tangini pamoja na ua lake.

Baada ya wiki tatu nilihesabu kumi na moja. Hapo ndipo Baba yangu, Mzee Bartolomeo, alipokuja kutoka Mzenga kung'olewa jino. Aliposimama mbele ya tangi alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani, akasema, "Mungu ana kazi, mwanangu." Halafu akaelekeza kidole. "Lakini hayo ni magugu."

"Baba, ni maua ya bahari."

"Gugu nalijua hata likiwa majini. Tazama linavyomsukuma mwenzake. Nipe kitu niling'oe."

Nikampa kibano, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Akayang'oa moja moja kwa uangalifu kama anavyopalilia mihogo, na yale maua yakakatika vipande vipande, na vipande vikachukuliwa na maji ya pampu vikasambaa tangi zima. Baba akaondoka amefurahi kuwa amenisaidia. Shangazi, kila kipande kikawa ua. Sasa yamefika sitini, nimeacha kuhesabu, yamelizunguka tumbawe la ubongo yakaliunguza kwa mikono yao, upande mmoja nyama imetoka umebaki mfupa mweupe. Nalia, lakini niseme ukweli, hata sasa ninapoyatazama nashangaa, kiumbe unakikata kinazaliwa mara tano, nguvu hiyo kimeipata wapi?

Daktari kila Ijumaa anaomba picha na mimi namtumia za zamani. Anarudi baada ya siku kumi na mbili. Jana mzigo wa pili umefika, uko kwenye ndoo, na kwenye kitako kimoja nimeona ua lingine. Nimempigia Baba, amesema atakuja amwambie Daktari kuwa kosa ni lake peke yake. Nifanye nini, Shangazi? Nimwache Baba abebe? Nikae kimya? Na je, ni lazima niyaue?

Anjela, Kibaha.

*

Anjela, marahaba. Barua yako sikuiweka kwenye foleni ya gazeti, nilikupigia simu siku ile ile kwa kuwa wanyama wako wasingengoja. Naichapisha pamoja na niliyokuambia, kwa ruhusa yako.

Kabla sijakupigia nilimtafuta Abdulaziz, maana mimi najua ya ndoa na mawifi, ya bahari siyajui. Akanikaribisha nione. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, mwanangu, na nilisimama mbele ya matangi yake hadi akaniuliza kama naumwa. Kwa hiyo mshangao wako naufahamu na sikulaumu kwa kushangaa.

Nakulaumu kwa mengine. Ulikabidhiwa daftari lililoandikwa kwa wino mwekundu, ukalisoma, ukaamua kuwa wewe unajua zaidi. Ulilihurumia ua moja kwa sababu lilifunguka mbele yako. Na tumbawe la ubongo je? Nalo lina midomo, nalo lilikuwa likifunguka kila jioni, na halikuwa na miguu ya kukimbia lilipoanza kuunguzwa. Ndiyo, ni lazima uyaue. Ungejua hivyo siku ya kwanza kama ungepiga simu moja.

Sasa sikiliza, na haya ni maneno ya Abdulaziz. Usikate, usikwangue, usivute, umeshaona matokeo yake. Anza na ndoo, ndiko bado unaweza kuzuia. Tumbawe jipya litenganishwe na kitako chake, kitako chenye ua kitupwe juani kikauke kabisa. Ua likiwa kwenye mfupa wa tumbawe lenyewe, lifunike lote kwa gundi nzito wanayotumia kubandikia matumbawe, lisibaki na pa kutokea. Matumbawe hayo yakae ndooni wiki sita, pampu yake na taa yake, na kila siku tatu upitishe tochi na kioo chako cha meno. Kwenye tangi kubwa zima pampu kwanza, vaa glavu na miwani, chukua uji wa chokaa maalumu atakaokupa yeye, na bomba la sindano. Sogea pole pole, ua likiwa limefunguka, uuweke uji mdomoni mwake kabla halijajikunja. Machache kwa siku, usiyachafue maji kwa pupa. Na mtu asikudanganye ukachemshe mawe ya tangi jikoni ili kuua maua, baadhi ya viumbe hao wana sumu na mvuke wake umeshawalaza watu.

Hayo ni ya maua. Ya Daktari ni magumu zaidi, na utayafanya leo. Picha za zamani ni uongo, Anjela, hata kama hukuandika neno chini yake. Mpigie simu ya video, geuza kamera kwenye ule upande mweupe, umwonyeshe kabla hujaanza kulia. Mwambie wewe ndiye uliyeingiza, wewe ndiye uliyetoa kibano. Baba yako aliona gugu kabla yako, alikosea njia tu, na hakuwa na daftari. Mwache shambani kwake. Mzee wa watu asipande gari kuja kuomba msamaha wa kosa lako.

Akikufukuza kazi, nipigie, tutalia wote. Lakini piga simu.

*

Wiki saba baadaye Anjela aliniandikia tena, barua hiyo naiweka hapa kwa ufupi.

"Shangazi, nilipiga. Nilimwonyesha Daktari ule upande mweupe, nikamwambia yote. Halafu akauliza, 'Pampu umezima?' Nikasema bado. Akasema, 'Zima sasa.' Basi. Aliporudi ndipo aliponisema, na alinisema kweli kweli, si kwa maua, kwa zile picha. Amenitoa kwenye tangi kubwa kwa miezi mitatu, kazi ya mapokezi ameniachia. Kila siku tulipita na sindano, yeye mikono ikiwa ndani ya tangi, mimi nikimulika. Wiki mbili sasa hatujaona ua hata moja, ingawa Abdulaziz anasema tusijisifu mapema. Tumbawe la ubongo halijapona, ila pembeni ya ule weupe kuna mstari wa kijani mwembamba kama uzi, na Daktari anasema huo ni uhai.

Ndoo ameniachia mimi. Jana wiki sita zilitimia, na nilikuwa nakagua kwa mara ya mwisho pale tumbawe moja jekundu, ambalo muda wote huo lilikuwa limejifunga kama ngumi, lilipoanza kufunguka. Nikamwita Daktari. Tulichuchumaa wote wawili kando ya ndoo. Mama mmoja mwenye shavu lililovimba akatoka kwenye benchi kuja kuchungulia, naye akachuchumaa, na nesi alipomwita aingie ndani kung'olewa jino alijibu bila kugeuka, 'Subirini kidogo.'"