Uzi wa Fundi Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Daktari ameondoka bila kusema neno. Kwa daktari, hiyo ni lugha tosha. Basi niandike kweli, sina wa kumficha tena.

Naishi kwa mdogo wangu wa kiume. Nalala kitanda chake cha wageni, nanywa maziwa yake, na simsamehe. Baba alimwachia yeye jengo, mimi akaniachia duka la vitabu lililokuwa ndani yake. Nilipolazwa kufanyiwa operesheni, mdogo wangu akaliuza jengo. Nikarudi na mshono tumboni, nikakuta magodoro. Magodoro! Yamesimama penye rafu zangu za riwaya, yamevalishwa nailoni.

Leo kaniomba nimsomee hadithi. Macho yake yamezima. Analalamika kwamba mji mzima hauna pa kununua kitabu — kama vile duka letu lilikufa kwa mafua.

Nimekubali. Haraka mno.

Jumanne, 5 Machi

Kitabu nilichookoa ni kimoja tu. Kina uzi mwekundu katikati.

Ni wa fundi cherehani wa jirani. Kila mchana alikuja na tepu yake shingoni, akasoma amesimama, kisha akaacha kipande cha uzi kwenye ukurasa. Desturi ya duka letu: kitabu chenye uzi hakiuzwi. Mteja akikitaka, namwambia, "Kina mtu ndani." Watu walicheka, wakasubiri zamu. Siku za mvua duka lilijaa wasionunua hata kifutio. Harufu ya karatasi na makoti mabichi. Hakuna tajiri aliyenishinda siku hizo.

Fundi hakumaliza. Alikufa akiulizia mwisho.

Mwanzo nimemsimulia mdogo wangu kwa kifupi: karani wa stesheni katorokwa na mkewe. Nikafungua penye uzi. Na kuanzia hapo — Mungu anaona — sikusoma. Nilitunga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeingiza bwana mmoja kwenye hadithi. Ana jengo, na ndani yake dada yake ana duka. Nimelifanya la saa, asishtuke. Dada amelazwa, bwana anauza.

Mdogo wangu karuka kitini! "Dada wa watu yuko hospitali, yeye anapatana bei? Nyang'au huyo! Hana haya!"

Wifi, mkewe, akachungulia. "Mzee, taratibu, presha hiyo. Ni kitabu tu."

"Kitabu tu? Njoo umsikie mshenzi huyu!"

Nikajificha nyuma ya ukurasa, nikacheka mpaka kifua kikabana. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Ngoja ufike kwa binadamu.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimemfilisi bwana yule. Mke nimemtorosha. Marafiki wanavuka barabara wakimwona.

Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Haitoshi, Dada. Huyo bado anakula."

Sawa. Hatakula.

Wifi amenikanda miguu. Anasema mumewe halali siku hizi, anawazia hadithi tu. Vizuri. Asilale.

Jumapili, 10 Machi

Sikuweza kusoma. Pumzi. Mdogo wangu alikuja akakaa tu. Baadaye akauliza kama yule bwana hakuwahi kuomba radhi. Nikasema kitabuni hakuna.

"Labda hakujua aanzie wapi."

"Angeanzia mdomoni," nikamjibu.



Jumatatu, 11 Machi

Sura ya mwisho. Tangu alfajiri nimeipanga: bwana anakufa chumbani peke yake, saa zote zimesimama, na dada anakataa kuja mazikoni. Sikubakiza neno.

Nikafungua kitabu. Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka maji. Akapapasa ukurasa mpaka vidole vikaukuta uzi.

"Bado kina mtu ndani," akasema.

Yeye! Miaka yote nilidhani hajui tulikuwa tukiuza nini mle.

Akasema uzi haujasogea tangu siku ya kwanza; alijua sisomi. Kila nikisinzia alikuwa akiugusa. Na alishajua nani ni nani tangu yule dada alipolazwa.

Basi nyang'au alimwita nani? Nani bado anakula?

"Soma, Dada," akasema. "Usinionee huruma."

Wifi amesimama mlangoni na trei, haingii, hatoki. Mdogo wangu ameinamisha kichwa kama mtu kwenye kiti cha kinyozi. Na sura ninayo yote, neno kwa neno. Bado ni tamu! Naionja ulimini.

Nimemwambia asubiri, kuna jambo naandika. Anasikiliza kalamu inavyokwaruza.

Anauliza: yule bwana ameshakufa?

Nimemwambia bado. Asogeze kiti.