Farasi Thelathini na Mmoja Waliopotea

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Tumerudi kutoka Nairobi. Mgongo wangu! Kigari cha Aabo ni chekundu, kina viti viwili, na kiko chini kiasi kwamba nikifungua mlango naweza kuokota changarawe. Aabo ni baba yangu, ana miaka sabini na moja. Ameendesha lori la Moyale maisha yake yote, na leo alikuwa akiyapita malori huku anacheka peke yake.

Lakini matokeo – mabaya. Gari lilifungwa kwa mikanda juu ya mashine ya kupima nguvu. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwenye mapipa ya chuma, gari lisiende popote. Fundi Mungania alikanyaga mafuta mara tatu. Kelele za kuamsha wafu! Aabo amesimama pembeni, tasbihi mkononi. Kisha karatasi ikatoka: nguvu za farasi 219.

Na neno lake tunalijua sote. Siku ya Idd kaka yangu Abdihakim alimwambia injini imechoka, itamfia porini, auze. Aabo akasema mbele yetu: mashine ikisoma chini ya 250, njoo uchukue funguo. Sasa Abdihakim anakuja Jumamosi ijayo. Aabo harudi nyuma kwa neno lake, hata likimuuma.

Hooyo hakumpa hata pole. "Farasi mia mbili, na hakuna hata mmoja wa kukamua! Toa hiyo gari ya wahuni kwa boma yangu." Aabo akanywa chai. Nilimkasirikia Hooyo, mama yangu mwenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

Mimi ni mwalimu wa fizikia na shule zimefungwa. Basi nimeshinda na ile karatasi.

Kitabu cha gari kinasema farasi 300. Lakini hao ni wa kwenye injini. Giaboksi na ekseli hula sehemu yao njiani, kama asilimia kumi na tano. Kwenye magurudumu tungetarajia 255 hivi. Kwa hiyo 250 ya Aabo ilikuwa ya haki kabisa, mzee hakubahatisha.

Nikajaribu kusingizia hewa nyepesi ya Nairobi. Nikampigia Mungania. Akasema mashine yake tayari inasahihisha hiyo. Ai!

Nikampigia Abdihakim, nimlainishe. Akasema, "Habsa, wewe ni mwalimu ama wakili?" Halafu akasema anachoogopa ni kupigiwa simu na mtu asiyemjua, aliyeokota simu ya Aabo barabarani. Hata mimi naogopa hivyo hivyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Aabo ameosha gari. Safi tayari, lakini ameosha. Nikamuuliza ana nini nalo.

"Nimebeba mbuzi za watu, saruji ya watu, harusi za watu," akasema. "Hii haibebi mzigo ya mtu."

Nampenda huyu mzee. Basi.

Jumatano, 6 Agosti

Nilikuwa naangalia namba tu, mjinga mimi! Wanafunzi wangu ningewachapa kwa maneno. Mstari uliochorwa kwenye karatasi ndio wa kusoma.

Gari hili lina supachaja, pampu inayozungushwa na mkanda ili isukume hewa ndani ya injini. Mwanzoni mstari unapanda vizuri, kama gari jipya. Ukifika katikati, unalala. Mara zote tatu, mahali pale pale. Na mstari wa pili, wa hewa inayosukumwa, unaanguka hapo hapo.

Injini iliyochoka ingekuwa dhaifu tangu mwanzo. Joto lingeshusha nguvu kila tukirudia. Hii haina ugonjwa, inakosa pumzi! Nikampigia Mungania. Anashuku mkanda unateleza. Lakini mkanda ni mpya, nilimwona Aabo akiufunga.

Basi hewa inazibwa kabla ya kufika kwenye pampu. Kesho nafungua boksi la chujio la hewa.

Alhamisi, 7 Agosti

Ya Rabbi.

Aabo alikwenda msikitini. Nikafungua boksi. Chujio limeviringishwa leso, mikunjo miwili, imekazwa kwa uzi na fundo. Leso ya kijani yenye maua ya manjano. Ile niliyomnunulia Hooyo! Ile aliyosema imeibwa kwenye kamba ya nguo – na akamlaumu mtoto wa jirani mwezi mzima!

Nikampelekea jikoni. Akaitazama, akageukia sufuria.

"Ni vumbi," akasema.

Naijua desturi hii. Zamani barabara ya kaskazini ilikuwa vumbi tupu, na kila mke wa dereva hapa mtaani kwetu Wabera alifunga kipande cha leso yake pale lori linapovutia hewa. Izuie vumbi, na gari lijue njia ya nyumbani. Lakini lami ilifika miaka mingi iliyopita! Na lori si kigari hiki. Lori linakokota polepole. Hiki kinataka kuvuta hewa kama mtu aliyekimbia.

"Hooyo, si wewe unasema auze?"

"Nikimwonyesha naipenda, atakimbiza zaidi." Akafuta macho kwa mkono wenye unga. "Lakini akitoka, mimi naweza kukaa bila kufunga kitu?"

Kisha akaniomba nisiseme. Na kusema kweli, nilifikiria kunyamaza. Leso itupwe, gari liende, Aabo abaki nyumbani salama, sisi sote tulale usingizi. Ingekuwa rahisi. Lakini ningemtazama vipi akikabidhi funguo kwa kosa ambalo si la gari wala lake? Nikamwambia Hooyo: sema wewe kabla sijasema mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Amesema! Baada ya swala, tukiwa tunakula. Aliweka leso karibu na sinia ya wali, akasema ilikuwa kwenye chujio.

Aabo akaishika, akanusa oili.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ulisema ni gari ya wahuni."

"Ni gari ya wahuni."

Aabo alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamgonga mgongo. Halafu akawa makini. Akasema neno lake lilikuwa juu ya gari, si juu ya gari lililozibwa pua. Nikampigia Mungania, amekubali kupima tena kesho. Abdihakim tayari ameamua kuja, na ukaidi wake tunaujua umetoka kwa nani.

Kumbe mambo hayajaisha. Jioni nimemkuta Aabo amefungua boksi, anairudisha leso! Nikapiga kelele. Akasimama nayo kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Bila hii, nani atanirudisha?"

Hooyo alikuwa mlangoni. Kigari hicho hajawahi kukikalia, anasema ni kama kaburi. Akasema, "Lete hapa. Nitaingia mwenyewe."

Jumamosi, 9 Agosti

Wameondoka baada ya alfajiri. Hooyo aliingia akisoma dua, miguu ikabaki nje, tukaisukuma ndani. Viti viwili – nimebaki.

Abdihakim amefika. "Gari iko wapi?" Nikamweleza yote. Hakuamini mpaka nikamwonyesha leso, nimeifua, iko kwenye kamba. Ameishika muda mrefu. Sasa anakunywa chai.

Simu! Aabo. Gari limeshafungwa kwenye mashine, lakini Hooyo amekataa kushuka. Namsikia Mungania akibembeleza: mama, hapa hatukalishi mtu. Na yeye: "Mimi ndio niliziba. Mimi ndio nitasikia." Aabo naye hamshushi, amepanda upande wa usukani akanyage mwenyewe, amemfunga Hooyo mkanda.

Nimeweka spika. Linanguruma. Linapanda. Abdihakim ameweka kikombe chini. Limefika pale lilipokuwa linalala – limepita! Bado linapanda, na juu ya kelele zote Hooyo anapiga vigelegele, mama yangu, ndani ya gari la wahuni.

Limezimwa. Abdihakim ananiuliza ni ngapi. Sijui, hakuna aliyetaja namba. Hooyo anamwambia Mungania arudie kupima.