Elfu Mbili za Mama Saari

Rautala, Michigan
8 Septemba 1996

Mwanangu Raili,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa sikio la kushoto ambalo sasa limebaki pambo. Mashine za mgodini zimelimaliza kabisa. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasikia nyuki tu. Wewe je, hujambo? Unakula? Hilo bweni lina joto la kutosha? Shangazi Lempi anakusalimu, anauliza kama huko Wisconsin mnapata mkate wa iliki.

Haya. Bili ya chuo imefika jana. Wananidai dola elfu mbili.

Mwezi wa tano tulikaa mezani mimi na wewe tukasoma barua yao mara tatu. Ufadhili wa chuo kwa ajili ya alama zako, elfu sita. Ruzuku isiyorudishwa, kwa kuwa sisi hatuna, elfu saba. Mkopo, elfu mbili na mia tano. Kazi ya jikoni, elfu moja. Kilichobaki, elfu mbili, alipe baba. Nikakuna kichwa. Mwezi wa sita Mama Saari akasimama kanisani akakupa ule ufadhili wa kumkumbuka mwanawe Wesley, elfu mbili kila mwaka kwa miaka minne, kwa mtoto aliyeongoza darasa. Watu wakapiga makofi mpaka mchungaji akavua miwani akafuta macho. Nikasema moyoni, Reino, umepona. Elfu mbili imekutana na elfu mbili.

Sasa mbona nadaiwa? Za Mama Saari zimekwenda wapi?

Nijibu upesi. Mgodini wametupunguzia siku, tunafanya kazi siku nne.

Baba yako

*

15 Septemba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, nimesikitika kwa hilo sikio. Mimi mzima wa afya, nakula vizuri kwa sababu naosha sahani za watu na mpishi ana huruma. Mwambie Shangazi mkate wa iliki hapa hawaujui.

Baba, za Mama Saari hazikupotea. Zimefika chuoni. Ila zilipofika, chuo kilizipokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kikachukua elfu mbili kutoka kwenye ruzuku yake. Saba ikawa tano. Nilikwenda ofisi ya misaada ya karo kuuliza. Kuna mama mmoja anaitwa Bi. Pruitt, akaniambia, "Binti, mahitaji yako ni yale yale. Ukipata msaada nje, wa kwetu unapungua. Sehemu ya mzazi haiguswi."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo Mama Saari amenisaidia mimi au amewasaidia ninyi?"

Akasema foleni ni ndefu.

Hata mimi niliona kama mtu ameniibia huku ananitabasamia. Lakini ndivyo ilivyo. Usikasirike. Nitajaribu kuuliza tena.

Binti yako,
Raili

*

29 Septemba 1996

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku baridi imeanza, nimeshapasua kuni za sauna, nioge mvuke jioni.

Barua yako nimeisoma, nikampa Lempi akaisoma pia. Tumeshindwa kuielewa. Nitakueleza tunachoshindwa. Mtu akipewa zawadi, anakuwa nayo zaidi. Hicho ndicho ninachokijua mimi. Wewe unaniambia umepewa zawadi ukabaki vile vile. Chuo chenye majengo ya mawe na nguzo kama hekalu kinyang'anye elfu mbili za mjane? Lempi anasema, "Reino, chuo hakina shida ya elfu mbili. Mwenye shida ya elfu mbili ni msichana wa miaka kumi na minane aliyetoka nyumbani mara ya kwanza."

Simwamini Lempi katika kila jambo. Ila njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na mimi sitaki kukukuta mwisho wake. Kama kuna kitu umenunua, sema. Kama kuna mtu umemkopesha, sema.

Sitalipa bili hii mpaka nielewe.

Baba

*

6 Oktoba 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nawe hujambo.

Nimekwambia kweli. Sina nyingine ya kukwambia.

Chuo kimesema bili isipolipwa kabla ya Krismasi sitaandikishwa muhula wa pili. Kwa hiyo nakutumia dola mia tatu humu ndani, ziwe mwanzo. Nyingine zitafuata mwezi ujao.

Raili

*

3 Novemba 1996

Raili,

Salamu. Sisi wazima. Theluji imefika magotini.

Nimeziweka dola mia tatu mezani na ninaziangalia kama mtu anayeangalia nyoka. Mwanafunzi anayeosha sahani anapata wapi mia tatu kwa mara moja? Fedha ya jikoni unanunulia vitabu, ulisema mwenyewe.

Tena kuna hili. Dale, mtoto wa Lempi, alikuja huko na timu yake ya magongo ya barafuni. Anasema alikuona Jumamosi umevaa koti jekundu jipya, unapanda gari kubwa la mtu. Alikupungia mkono, hukumwona, au hukutaka kumwona. Lempi ameshaisambaza kanisani kote. Lisemwalo lipo.

Nimekwenda kwa Mama Saari. Ilinibidi. Fedha ni yake, na jina lililo juu yake ni la mwanawe aliyefia mgodini chini ya mwamba. Nilimwambia, "Mama, sina hakika na binti yangu."  Alinimiminia kahawa, akaketi akiangalia nje.

Koti ni la nani? Gari ni la nani? Mama yako angekuwa hai ungemwambia. Niambie mimi.

Baba

*

24 Novemba 1996

Mwanangu Raili,

Hujambo? Umekaa kimya wiki tatu. Mimi mzima. Msimu wa kuwinda unaelekea ukingoni, na mwaka huu sikupata kulungu hata mmoja.

Nimelipa chuoni deni lote la muhula huu, na la muhula ujao. Nimeuza ile mashua na injini yake, nilikuwa siitumii. Zile mia tatu zako nazirudisha humu. Nunua viatu vya theluji.

Kwenye Sikukuu ya Shukrani ukiweza kuja, njoo. Ukishindwa, si neno.

Kula vizuri. Pumzika.

Baba yako

*

5 Desemba 1996

Bwana Reino Kangas,

Nilipopata barua yako nilifikiri umeugua. Mtu aliyekataa kulipa mpaka aelewe, ghafla analipa yote, halafu ananiambia nipumzike. Nikajiuliza, huyu baba ana nini? Sikukuu nikakaa hapa bwenini, nikala soseji, nikiwaza. Nilishuku umefukuzwa kazi. Nilishuku Shangazi Lempi hataki nije.

Jana nilikwenda ofisini kuhakikisha kwamba fedha imefika. Bi. Pruitt akaniambia, "Baba yako ni mtu mpole sana. Alikuwa hapa wiki ile ya kabla ya sikukuu, na koti lake la kanisani, na kofia mkononi."

Nikasema, "Baba yangu alikuwa anawinda."

Akasema, "Alikaa pale ulipokaa wewe. Nilimweleza mara mbili kwa sababu ya sikio lake. Akaniomba niandike kwenye karatasi: saba ikawa tano. Halafu akaniuliza chakula cha mchana ni wapi."

Nikamtafuta mpishi. Mpishi anasema mzee mmoja alisimama nyuma ya nguzo ya ukumbi wa chakula karibu nusu saa, akinitazama nikisukuma mkokoteni wa sahani. Alimkaribisha chakula, mzee akakataa, akatoka.

Saa tano barabarani kuja, saa tano kurudi, na hukuvuka ukumbi kunisalimu.

Sasa nisikilize. Koti nililipata kwenye mitumba ya kanisa la hapa, dola nne. Gari ni la Bi. Novak mwenye moteli ya barabara kuu. Kila Jumamosi na Jumapili ananichukua nikafue mashuka, kwa sababu ulisema hulipi. Zile mia tatu alinitangulizia, nikazilipa kwa kazi. Sikukwambia kwa kuwa ningekwambia ungeshuku na moteli. Bisha.

Kemia nimepata alama mbaya kuliko zote maishani mwangu. Ule ufadhili wa alama, elfu sita, una sharti: wastani ukibaki chini mpaka mwisho wa mwaka, wanauondoa. Kwa hiyo kwa kutafuta elfu mbili niko karibu kupoteza sita.

Na hata hayo siyo yanayonichoma. Linalonichoma ni hili: maneno aliyokwambia Bi. Pruitt ndiyo yale yale niliyokuandikia mwezi wa tisa. Yeye alikuwa hakujui hata jina, ukamwamini. Mimi umenilea.

Krismasi siji.

Raili Kangas

*

12 Januari 1997

Mwanangu,

Sijui kama barua hii utaifungua. Salamu. Mimi nipo.

Nimeandika barua nne nikazichoma kwenye jiko la sauna. Zote zilikuwa zinajitetea.

Ni kweli nilikuja. Nilitaka kukukamata, Raili. Nalisema kama lilivyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nikasema niende mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno makali. Yule mama aliponieleza nikashikwa na haya, nikaja ukumbini nikuombe radhi. Nikakuona. Umekonda. Ulikuwa unafuta jasho kwa kiwiko kama mama yako alivyokuwa akifanya. Miguu ikakataa. Nikajiambia, nitalipa, halafu mambo yatakwisha kimya kimya. Hayo ni mawazo ya mwoga.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama Saari kusema kweli. Nilifikiri atalia. Akasimama.

"Reino, umenifanya nimshuku mtoto yule miezi miwili. Nilipokuwa naweka jina la Wesley kwenye sala, nilikuwa naruka jina la Raili."



"Na hao wa chuo," akasema, "nilimpa msichana, sikulipa deni la nguzo zao. Lete kalamu."

Alisema, mimi nikaandika. Amewaambia waziwazi: fedha ya Wesley ipunguze mkopo wa Raili na saa zake za jikoni, isiguse ruzuku waliyomwahidi. Wakikataa, mwaka ujao hawaoni cheki. Ataiweka benki mpaka umalize masomo, akupe mkononi. Nilimwuliza kama chuo kitamsikiliza bibi wa miaka sabini na sita kutoka Rautala. Akasema, "Hawajui kama nina wajukuu sita wa kuwapelekea wakasome au sina hata mmoja. Andika."

Sikuombi unijibu. Nilitaka ujue barua hiyo iko njiani, ili wakikuita ofisini usishtuke.

Baba

*

9 Februari 1997

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu.

Bi. Pruitt aliniita. Alikuwa na barua ya Mama Saari mezani, na mwandiko wako niliutambua tangu mlangoni. Akasema, "Mfadhili akitaka hivyo, tunaweza." Nikamwuliza mbona hakuniambia mwezi wa tisa kwamba inawezekana. Akasema, "Hukuuliza hivyo." Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Sijui kama alinificha au ndivyo walivyo. Siku hizi kila mtu namtazama mara mbili, na hilo nimelipata kwako.

Ruzuku imerudi elfu saba. Mkopo umepungua kwa elfu moja na mia tano. Saa za jikoni zimekatwa nusu. Moteli nimeacha, Bi. Novak amenipa keki na kunibusu. Wastani wangu bado uko chini ya sharti, nina mpaka mwezi wa tano kuupandisha. Kemia sasa naisoma nikiwa macho.

Ila sehemu yako, Baba, ni ile ile. Elfu mbili, kila mwaka. Haipungui hata senti. Aliyepunguziwa mzigo ni mimi peke yangu. Nakwambia mapema, usije ukaikuta kwenye bili mwezi wa tisa ukaanza upya.

Mama Saari amenipigia simu. Aliomba radhi, yeye ambaye hakukosa kitu. Nililia.

Nina ombi moja. Ulinishuku mbele ya watu. Radhi yako umeniletea kwenye bahasha. Kanisani wale wote bado wanaamini mimi ni mwizi wa fedha ya Wesley. Sitaki kurudi kiangazi nikashushiwa macho kwenye meza ya kahawa.

Raili

*

23 Februari 1997

Mwanangu Raili,

Salamu nyingi. Natumaini kichwa na tumbo viko salama. Sikio la kulia nalo linaanza utani, lakini leo lilisikia vizuri.

Leo baada ya ibada watu walipokaa kwenye kahawa nilisimama. Unajua sijawahi kusimama tangu ubatizo wako. Nikagonga kikombe kwa kijiko.

Nikasema, "Mwezi wa kumi na moja nilisema binti yangu haeleweki na fedha ya Wesley. Nilisema uongo. Fedha ilifika chuoni yote. Chuo kilipunguza msaada wake, Raili akanieleza, sikumwamini. Alikuwa anafua mashuka ya moteli kwa ajili ya bili niliyokataa kulipa mimi."

Lempi akanivuta mkono wa koti. "Reino, kaa chini, kahawa inapoa."

"Iache ipoe. Na lile koti jekundu, Lempi, ni la mitumba. Dola nne."

Nikasikia birika likichemka. Lempi akachukua mkoba wake akatoka. Dale akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye alisema tu alichokiona. Nikamwambia najua, wenye kosa ni sisi tuliojazia ambacho hakukiona.  Mama Saari alinisogezea kipande cha pili cha mkate.

Nikakaa. Sikupata raha niliyoitarajia. Mchungaji alinishika bega, lakini wengine waliniangalia kama wanapima upya kila nililowahi kuwaambia. Nadhani hivyo ndivyo ulivyoishi wewe tangu vuli.

Elfu mbili za mwaka ujao nimeanza kuziweka. Usinionyeshe barua ya chuo. Ukiniambia ni kiasi gani, nitalipa kiasi hicho.

Najua una mtihani wa kemia mwezi ujao. Usipojibu barua hii, nitajua uko kwenye kemia. Sitawaza kingine.

Baba yako