Sauti ya Majaribio

Jumanne, 1 Julai

Chai, muhogo wa kuchemsha, dawa ya presha. Kisha nimepiga makofi tena katikati ya sebule. Mwangwi uleule. Sakafu ya saruji, kuta tupu, mabati juu: sauti inagonga inarudi. Humu hamrekodiki kitu.

Dada Mwajuma anakwenda Dar tarehe 14 kupasuliwa koo. Daktari hakuficha: huenda sauti isirudi. Dada ni kungwi, na nyimbo za unyago alizonazo hakuna mwingine hapa Ikwiriri aliyebaki nazo zote. Anataka zirekodiwe. Hakuja kuniomba. Alimtuma bintiye, Zuhura. Hatusemezani tangu nilipokuwa mwalimu mkuu, nilipokwenda kwake na mtendaji wa kijiji kuwatoa wali, wasichana waliowekwa ndani kwa unyago, wakafanye mtihani.

Nilikuwa sahihi. Naandika tena: nilikuwa sahihi.

Alhamisi, 3 Julai

Dar, kwenda na kurudi. Mgongo unauma.

Muuzaji alitaka kunibebesha mashine ya kuchanganyia sauti na spika mbili kubwa kama kabati. "Mzee wangu, chukua studio kamili, usije ukajuta." Nikamwambia sifungui kituo cha redio. Anayeanza anahitaji vitu vinne tu: maikrofoni, kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta, hedifoni, na stendi. Kompyuta ninayo. Kijana akanitazama kama ninamsomea taarifa ya habari.

Nimechukua maikrofoni ya kondensa. Ndiyo inayosikia zaidi kuliko zote. Niliuliza mara mbili.

Jumamosi, 5 Julai

Mjinga mimi. Kweli inasikia zaidi. Imesikia jogoo wa jirani, mashine ya kukoboa mpunga ng'ambo ya barabara, na tumbo langu.

Nieleze, nisije nikasahau. Kondensa ni sikio lililo wazi: kila kinachopita linakipokea. Linafaa chumba kilichotulia. Dainamiki, aina ya pili, ni sikio zito: lazima uimbe karibu nalo, na kwa uzito huohuo halijali jogoo. Miaka thelathini na minne nimewafundisha watoto wasome swali kabla ya kujibu. Mimi nimejibu kabla ya kusoma.

Nimeirudisha kwa basi la asubuhi. Muuzaji amekubali kuibadilisha na dainamiki, baada ya kunicheka kwenye simu.

Jumapili, 6 Julai

Zuhura kaleta sharti la mama yake. Mwanamume asisikie. Si wakati wa kurekodi, si baadaye. Mimi hasa.

Nimekasirika. Nimemweleza mpwa wangu, polepole: lazima mtu avae hedifoni, asikilize kama sauti imezidi au imefifia. Ikizidi inapasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Nani atavaa? Akajibu, "Mimi, Mjomba. Wewe nifundishe tu." Kisha akanipa maneno ya mama yake kama alivyotumwa: "Mwambie Mwalimu asitake kusikiliza alichokikataza."

Ile programu ya kurekodi niliyokuwa naisifia wiki nzima ina vitufe vingi kama nyota. Nimeifuta. Nimeweka nyingine, ya bure, yenye kitufe chekundu cha kuanza na cha mraba cha kusimamisha. Zuhura kaielewa kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo programu bora ni ile inayoweza kutumika bila mimi. Hilo halikunifurahisha.

Jumanne, 8 Julai

Dainamiki imefika. Chumba pia kimepatikana, na kinaniudhi: stoo ya Dada. Magunia ya mpunga mpya yamepangwa hadi darini, pande tatu. Gunia linameza sauti. Nimepiga makofi, yakafia palepale. Hakuna mwangwi hata chembe.

Dada alikuwa mlangoni. Sauti imekwaruza, ulimi haujakwaruza. "Mwalimu alizoea kupigiwa makofi. Leo anajipigia mwenyewe."

Zuhura alicheka. Mimi sikucheka. Dada akaitazama miguu yangu, akageuza uso.

Jumatano, 9 Julai

Jaribio. Nilimweleza Zuhura kwamba lazima nipime nguvu ya sauti ya mama yake mara moja, kwa maneno yoyote yasiyo ya siri, ila ayatoe kwa nguvu ileile ya kuimbia. Dada akakubali. Akaketi kwenye kigoda, nikavaa hedifoni, Zuhura akabonyeza chekundu.

Akasema:

"Haya. Mimi Mwajuma. Nina mdogo wangu anaitwa Mwalimu. Mwaka wa mafuriko nilimbeba mgongoni, maji yako kifuani, anajikojolea mgongoni mwangu. Akakua. Akaja nyumbani kwangu na mtendaji, akakanyaga mkeka wa wali na viatu. Na viatu! Mtihani ungengoja? Usingengoja, najua, mimi si mjinga. Lakini viatu vinavuliwa, Mwalimu. Hata mwizi anavua!"

Akaendelea. Kila neno ndani ya sikio langu, karibu kuliko alivyowahi kukaa karibu nami tangu siku ile. Mkono wangu ulikuwa unazungusha kitufe cha kiwango. Nilipopata kiwango nikakibandika plasta kisiguswe.

Kisha wakanitoa nje.

Miaka yote hii nimekuwa nikijitetea kuhusu mtihani. Hakuna aliyenishtaki kwa mtihani. Na ni kweli, sikuvua. Nilikuwa na haraka. Bado namkasirikia. Angeweza kusema.

Alhamisi, 10 Julai

Wamerekodi tangu saa moja asubuhi. Mimi nilisimama kwenye mashine ya kukoboa kumzuia mwenye nayo asiiwashe.

"Mwalimu, mpunga wa watu unasubiri."

"Usubiri."

"Kwani kuna nini kwa dada yako?"

"Hayakuhusu. Hata mimi hayanihusu."

Tumetukanana hadi saa nne. Hakuwasha.

Jumamosi, 12 Julai

Zuhura kahamishia nyimbo kwenye flashi mbili, akazifuta kwenye kompyuta yangu, akamwaga na pipa la taka. Nilimfundisha mwenyewe kumwaga pipa.

Faili moja limebaki. "Mama kasema hilo ni lako."

Jumapili, 27 Julai

Dada karudi jana. Sauti haipo. Daktari anasema wasubiri, lakini anasema kwa adabu tu.

Nimekwenda baada ya alasiri. Viatu nimevivua uani, mbali na mlango, pale anapoweza kuviona kutoka mkekani. Aliviona. Nikaketi. Zuhura akaleta kahawa. Nilipoinuka kuaga, Dada akapiga makofi, mara mbili, taratibu.

Nyumbani nimevaa hedifoni. Faili linaitwa Jaribio 1. Sauti safi, haikupasuka popote, hata pale kwenye viatu. Nimesikiliza hadi mwisho, nikairudisha mwanzo.