Ngoma Aliyotufundisha Mama

Tamanredjo, 11 Machi 1990

Mdogo wangu Sutinah,

Salamu nyingi baada ya miaka ishirini na sita ya ukimya. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Wewe na watoto hamjambo?

Agosti inatimia miaka mia tangu meli ya kwanza iwalete Wajava hapa Suriname. Chama chetu cha Wajava, kile cha Wahindi na kile cha akina mama wa Kikrioli vimeunda kamati moja, sherehe iwe ya wote. Tunakutana shuleni kila Jumapili na kugombana. Juzi tuligombania sufuria: Wahindi hawataki ng'ombe, sisi Waislamu hatutaki nguruwe. Bi Hermina wa Wakrioli akagonga meza: "Napika kuku, na atakayenuna ale ndizi!"

Kisha mzee Biharie wa chama cha Wahindi akaniuliza, "Wagiyem, si una mdogo wako aliyeolewa kwetu?" Niliona haya. Ile ngoma ya shali aliyotufundisha mama naikumbuka nusu tu. Njoo tuwafundishe wasichana watakaocheza kwenye sherehe.

Dada yako,
Wagiyem

Nickerie, 2 Aprili 1990

Wagiyem,

Barua imefika. Sijambo, watoto hawajambo.

Jagernath, mume wangu ambaye hamkutaka hata kumtaja jina, alifariki mwaka juzi. Hakuna aliyekuja kutoka kwenu. Kifo cha baba nacho niliambiwa sokoni, na muuza samaki.

Siku ile nilipokuja na mimba kubwa, mvua inanyesha, baba akasema mlango usifunguliwe, wewe ulikuwa ndani. Nilikusikia unalia. Kilio chako kilinisaidia nini? Leo mnaitaka ngoma, au mnanitaka mimi?

Sutinah

Tamanredjo, 22 Aprili 1990

Mdogo wangu,

Naomba haya yakukute mzima.

Sikulia tu. Nilikuwa nimeshika komeo. Baba alikuwa amekaa kitini kwake, mbali, hakunigusa. Ningeweza kufungua. Niliogopa. Nimezaa, nimemzika mume, nimemzika baba, na sijawahi kumwambia mtu jambo hili.

Ngoma iache. Kamati itapata cha kucheza. Nakutaka wewe. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Ukikataa nitaelewa, ila nijibu, hata neno moja.

Dada yako,
Wagiyem

Nickerie, 30 Mei 1990

Dada,

Hujambo na magoti yako? Barua yako mara ya kwanza niliitupa chini. Hasira bado ninayo, nisikudanganye. Lakini nakuja, tarehe nne Agosti, basi la asubuhi. Nafanya mazoezi jikoni, na binti yangu Sharmila ananicheka: "Mama, unafukuza kuku?"

Yapo ninayotaka kukwambia, ila si kwa karatasi.

Mdogo wako,
Sutinah

Nickerie, 19 Agosti 1990

Dada yangu,

Najua binti yako Ponirah ndiye anayekusomea, basi salamu ziwafikie nyote wawili. Mimi nimefika salama.

Ponirah alinipokea kituoni peke yake, macho yamemvimba. "Mama mdogo, mama ameanguka juzi. Kiharusi." Nikakukuta kitandani, mdomo umepinda, macho yako yakinipita kama vile mimi ni mgeni. Ulinitambua ukashindwa kusema, au hukunitambua kabisa? Daktari mwenyewe hajui.

Tarehe tisa, siku ya sherehe, nilitaka kubaki nawe. Bi Hermina akaingia bila kubisha hodi: "Wasichana kumi na wawili wameshavaa, na mwalimu wao amewafundisha nusu. Inuka!" Nikaenda. Kumbe mlikuwa na wasichana wa Kihindi na wa Kikrioli humo, hukuniambia. Nusu yako walicheza bila kosa. Nilipoingia na yangu, wakanifuata polepole, wakikosea, wakicheka. Mzee Biharie alilia mbele za watu. Mimi nilijikaza mpaka niliporudi chumbani kwako.

Siku ya kuondoka nilikuinamia sikioni nikakwambia lile nililolileta toka Nickerie. Hukupepesa hata jicho. Basi naliandika hapa: nimekusamehe, dada.

Ponirah, mwanangu, msomee tena hapo. Na kesho umsomee.

Mdogo wako,
Sutinah