Karatasi Niliyobandika Ukutani

Kutus, Jumanne, Julai 1998

Nimempiga Muriuki. Ngumi mbili za mdomo, mbele ya makarani wenzetu, mpaka damu ikadondokea kibodi. Kompyuta ilikuwa imekwama, akaiwasha upya, na majina ya wakulima wa kahawa tuliyoandika tangu asubuhi yakapotea yote.

Hakunirudishia. Alinyoosha tu kidole kwenye karatasi ya maelekezo ukutani. "Ati nimeharibu? Si ni wewe uliandika tufanye hivyo!"

Ni mwandiko wangu: "Ikikwama, andika reboot -f." Sikuandika kwamba amri hiyo inazima mashine bila kuhifadhi kazi.

Sasa nimeongeza huo mstari wa onyo. Herufi zimepinda, kwa sababu vidole vyangu vimevimba pale vilipogonga meno yake. Kesho ataisoma, na atajua kwa nini zimepinda.