Sahani ya Mzee Kaloki

Msambweni

Kwa dada yangu mpendwa Ndila,

Pokea salamu tele kutoka kwa mtu ambaye Msambweni nzima sasa inamtegemea kwa afya yake. Usicheke. Madaktari wa hapa wanatibu kwa sindano, mimi natibu kwa sahani, na wagonjwa wangu wanaondoka wakilamba vidole. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Kibwezi, na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Mimi ni mzima, tena nimezidi kupendeza. Ninakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijafika patamu, kisha unaniuliza nitaoa lini.

Unakumbuka ulivyosema baba alipoambiwa ana kisukari? Ulisema kazi yangu ya kubeba sahani hotelini kwa Bi Yusra ndiyo itakayommaliza, kwa kuwa kila akishuka kutoka Shimba Hills kuja kliniki atapitia kwangu nami nitamjazia pilau. Niliudhika, dada, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Baba unamjua. Kwake yeye, mtu akitoka hotelini midomo haing'ai mafuta, hakula, alikwenda kupumzisha miguu tu. Nyumbani mama anaweza kumpimia ugali, lakini hotelini yeye ni mwanamume na agizo lake. Na kile kidonda cha mguu wa kushoto kilikuwa kimekataa kupona. Sista Faith, muuguzi wa kliniki, alituambia bila kuzunguka kwamba sukari isiposhuka, mguu ule utakatwa.

Basi nikaingia kazini. Wasomi wanajua chakula cha vitabuni, mimi najua cha sufuriani. Mteja asiposema kitu, analetewa samaki wa kukaanga, kwa sababu ndiye aliye tayari. Akiomba wa kuchoma, anachomewa, ni kungoja kidogo tu. Mchuzi ukichotwa juu ni mafuta, lakini mtu akiomba nimchotee chini, au nimtilie kando kwenye kibakuli, sina sababu ya kukataa. Wali wa nazi unaweza kuomba nusu, na hakuna askari atakayekuja kukukamata. Na yale maji ya ukwaju wanayoyasifu kwamba ni tunda tupu, mimi ndiye ninayeyatia sukari. Naijua mikono yangu.

Siku ya kwanza nilimletea baba nusu sahani ya mchicha, sima isiyozidi ngumi yake, samaki changu wa kuchoma na ndimu, kachumbari, na maji. Akaitazama, akaniuliza kama hoteli imeibiwa. Kisha akataka kujua kama majani yale ni yake au ni ya mbuzi wa Bi Yusra yamepotea njia. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba ng'ombe ana mwili kumshinda na anakula hayo hayo. Alinuna, lakini yule samaki alimmaliza mpaka kichwa.

Bi Yusra naye alinijia juu. Alisema ameniajiri kubeba chakula, si kukihoji, na kwamba nikiendelea kuwatisha wateja na pilau yake nitakwenda kubebea sahani zangu mwituni. Lakini mwalimu mmoja aliyeketi meza ya pili akaagiza aletewe kama cha mzee yule. Wakafuata madereva wa tuktuk wenye presha, wakafuata wake zao. Bi Yusra si mtu wa kubishana na wateja. Asubuhi moja nikamkuta kwenye ubao wa nje, juu kabisa ya biriani, ameandika kwa chaki: Sahani ya Mzee Kaloki.

Ungemwona baba siku aliyoukuta. Alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Kusoma anajua, lakini alimsimamisha mpita njia akamwomba amsomee, kwa sauti, kwa kuwa eti macho yake hayaoni vizuri jua likiwaka. Na kliniki iliyofuata sukari ilikuwa imeshuka, kidonda kimefunga. Sista Faith akamwuliza ni nani anayempikia. Baba hakumtaja mpishi. Alisema ni mwanawe. Dada, mimi niliyeacha shule kidato cha pili.

Hapo ningetia nukta, barua ikaisha vizuri. Lakini kuna jambo, na nimelizunguka tangu mwanzo.

Ramadhani iliingia. Hapa, mchana hoteli hufungwa, jiko linawashwa alasiri kwa ajili ya futari. Nilimwambia baba asihofu: siku ya kliniki ameze vidonge vyake nyumbani kama kawaida, aje kwangu kwanza, atakuta sahani yake imewekwa nyuma ya pazia. Bi Yusra mwenyewe aliridhia, maana baba ni mgonjwa, tena si Mwislamu. Siku ilipofika baba akameza vidonge, akakataa hata uji wa mama, akisema anaiwekea nafasi sahani yake.

Mimi asubuhi hiyo nilikwenda Bodo kuchagua samaki, kwa kuwa daktari mkubwa kama mimi hachaguliwi samaki na mtu. Wavuvi wakaniuliza habari za ile sahani inayosemwa. Unanijua nikiulizwa. Nikasimulia, nikarudia kwa waliochelewa, nikaongeza chumvi, mpaka jua likasimama utosini.

Baba alikuwa ameketi barazani, mbele ya mlango uliofungwa, ananingoja. Haya aliniambia Bi Yusra. Alimkuta anatokwa jasho, mikono inatetemeka, maneno yanamwia mazito. Marehemu mama yake Bi Yusra alikuwa na ugonjwa huo huo, kwa hiyo alijua ni sukari imeshuka. Na saumu yake mdomoni akakimbia ndani, akakoroga chai ya sukari nyingi, akamsihi anywe. Baba akafunika kikombe kwa kiganja.

"Mwanangu amenikataza sukari, Bi Yusra. Siwezi kumwaibisha mlangoni kwake."

Kisha akaanguka kutoka barazani.

Yu hai, dada, usiiache barua hapa. Tuktuk ilimfikisha hospitali upesi, akashonwa juu ya jicho, na dawa aliyotundikiwa ilikuwa sukari, ile ile niliyomfundisha aikimbie. Sista Faith hakunigombeza. Aliniuliza tu kama naikumbuka siku ya kwanza ya kliniki, baba akiwa ndani anafungwa kidonda. Naikumbuka. Alisema ana mambo mawili ya kunieleza: namna ya kuishusha sukari, na namna ya kumjua mtu ambaye sukari yake imeshuka kupita kiasi na la kumfanyia. La kwanza lilipokwisha nilisimama, nikamwambia hilo jingine nalijua, nikaenda zangu. Sikulijua.

Jana wakamletea baba uji, umetiwa sukari kidogo. Akaushika bila kuunywa. Akanitazama mimi, si Sista, akangoja niseme. Ikabidi nimgeukie Sista Faith nimwulize, mbele ya baba. Baba akamsikiliza yeye, akanywa. Leo asubuhi walipoleta chakula, alimtazama yeye. Mimi hakuniuliza.

Mama anajua baba alianguka, hajui kwa nini. Nitamweleza mwenyewe tukipanda Shimba Hills, na nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate upenyo wa kubadilisha hadithi njiani. Barua hii anakuletea Kavumbi wa lori la machungwa, mpe chai. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mwombee baba.

Ni mimi mdogo wako,
Mulwa, mbeba sahani.